Usimchinjie Mbuzi

Toongabbie, Sydney
2 Februari 2025

Dada Waceke,

Pokea salamu zangu zikiwa bado moto, maana leo huku ni digrii thelathini na tisa. Nimekaa kwa garaji nikiandika juu ya friji ya zamani. Ndani ya nyumba binti yangu Jacky amefungua madirisha yote ati tupate upepo, na upepo wenyewe unatoka tanuri. Natumai mvua imewakumbuka huko Njoro na lile sikio la kushoto limekuhurumia. Ulisema hutaki simu tena kwa sababu inakulilia kama kuku. Sawa. Mimi si mtu wa kalamu, unajua nilivyofanya darasa la nane, lakini aliyenifundisha kuandika ni wewe, kwa hivyo makosa yakizidi tugawane.

Habari za nyumbani ni nzuri. Bado niko kwa ile stoo ya Minto nikipanga maboksi ya taulo za hoteli. Mgongo unalalamika asubuhi, ikifika saa nne unazoea. Jacky amepandishwa cheo wodini, siku hizi manesi wadogo wanamuogopa. Wilkister, yule mama wa Kisumu tunayesali naye, anakusalimia ingawa hamjuani.

Sasa neno lenyewe. Jacky amepata mtu. Ni mzungu, anaitwa Lachlan Sandgate, fundi wa mabomba, miaka ishirini na tisa. Alikuja mwaka jana kutengeneza bomba la jikoni. Akatengeneza. Wiki iliyofuata akarudi kuangalia kama bado limetengenezeka. Akarudi tena. Wiki ya nne nikaelewa kwamba bomba halina shida. Wanataka kuoana Novemba, halafu wahamie Perth, kuna kazi huko ya mabomba ya migodi. Perth ni mbali, Dada. Unakaa kwa ndege masaa matano na ukishuka bado uko Australia.

Kijana si mbaya, na hapo ndipo nimekwama. Hanywi sana, anavua viatu mlangoni, anakula kila kitu mpaka matumbo. Nikisema hapana, Jacky ataniuliza kwa nini na sitakuwa na la kusema. Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja, na ukimaliza kusoma uchome hii karatasi. Kataa wewe. Wewe ndiwe ulimlea, neno lako analiogopa. Andika kwamba hakuna posa mpaka ukoo wa kijana ujulikane, kizazi cha kwanza mpaka cha saba. Wazungu wa huku ukiwauliza babu wa babu wanakuangalia kama umeuliza namba ya siri ya benki. Atashindwa, atachoka, na mambo yataisha bila mtu kugombana na mimi.

Mdogo wako,
Kamande


Njoro
25 Februari 2025

Kamande,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi, kwa hivyo mtu wa posta naye anakusalimia. Mimi ni mzima. Sikio la kushoto limekufa kabisa, sasa nalala upande wa kulia na sisikii majogoo. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mvua hakuna. Mzee Clifford, mwenyekiti wetu wa kanisa, ameoa tena akiwa na miaka sabini na sita, na hakuna aliyemuuliza ukoo wa bibi harusi, lakini hayo hayakuhusu.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta sababu. Umeandika juu ya joto, taulo na Perth. Sababu haimo. Sawa. Hata mimi si kila kitu ninakuandikia.

Nitafanya unavyotaka. Karatasi ya pili humu ndani ni ya Jacky na kijana wake. Usiisome. Najua utaisoma. Nimesema ukoo wa Njuguna hautoi binti kwa mtu ambaye hajulikani alikotoka. Alete majina ya vizazi saba upande wa baba, na ya mama pia, waliishi wapi, walikula nini, waliiba nini, walikufa na nini. Nimeandika kwa ukali mpaka nikaogopa mkono wangu.

Barua yako sijaichoma. Sichomi barua za mtu.

Dada yako,
Waceke


Toongabbie
30 Machi 2025

Dada Waceke,

Nafurahi kusikia habari ya ndama. Mpe jina kabla Clifford hajamuoa. Huku tumepoa kidogo. Nimebadilishiwa shifti, naanza saa kumi na mbili asubuhi. Jacky ni mzima, ila ananiangalia sana.

Mambo yameenda kombo. Jacky alimtafsiria Lachlan karatasi yako neno kwa neno, hapa mezani, mimi nikijifanya namenya machungwa. Alipofika kwa "waliiba nini" akapunguza sauti. Kijana akaweka kikombe chini. Nikajua basi, yameisha. Kisha akasema hakuna mtu amewahi kumuuliza swali zuri kama hilo tangu azaliwe. Akapiga meza. Kesho yake akaenda kuajiri mtu.

Kumbe huku kuna watu wamesomea hii kazi. Anaitwa Bi. Philippa Orr. Ofisi yake iko Parramatta, juu ya daktari wa meno. Unampa jina lako na yeye anaenda kukutafutia wafu. Ana karatasi za Skotilandi kabati moja na za Ayalandi kabati lingine, anavaa glavu nyeupe kuzishika, na anawataja marehemu kama watu waliotoka kidogo kwenda msalani. Alituambia, "Huyu Margaret ni msumbufu, lakini nitampata." Kila akitaja mtu, huko chini mgonjwa wa meno anaguna. Mimi niliangalia mlango, Lachlan alikuwa anaandika.

Nilienda nao kwa sababu nilitaka kuona akishindwa. Hashindwi. Wiki mbili tu na ameshafika vizazi vinne. Upande wa mama kuna binti wa Ayalandi, yatima, aliletwa kwa meli akiwa na miaka kumi na sita na sanduku moja. Pia kuna mtu wa Skotilandi aliyeletwa kwa pingu kwa sababu ya kondoo. Ripoti nimekuwekea humu. Lachlan kwa furaha amejinunulia ile sketi ya wanaume wa Skotilandi, picha yake iko nyuma ya ripoti. Usiwaonyeshe wazee.

Halafu Bi. Orr akanigeukia. "Na upande wa bibi harusi?" Nikamwambia kwa kifua, Jacky wa Kamande, Kamande wa Njuguna, Njuguna wa Kamande. Akaniuliza, na huyo Kamande wa mwisho, baba yake? Nikajikuta sina. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake, kwa hivyo ni Kamande, Njuguna, Kamande, Njuguna, hivyo hivyo mpaka Adamu. Akaandika yote, kurasa mbili. Alipomaliza akaniuliza pole pole kama nina cheti cha yeyote kati yao.

Basi niambie, baba yake Guka, babu yetu, alikuwa nani na alitoka wapi? Nimalizane na huyu mama. Na uongeze ukali kidogo kwa barua ya pili.

Kamande wako


Njoro
24 Aprili 2025

Kamande,

Pasaka ilikuwa nzuri, tulikula tukashiba. Mvua imekuja yote kwa siku moja na kuondoka na choo cha Clifford. Hakukuwa na mtu ndani. Ndama nimemwita Margaret.

Ripoti nilisomea wazee sebuleni kwangu. Walikuja watano, kwa vile nilisema kuna chai. Sasa wamejifanya kamati, Clifford ndiye mwenyekiti, wana daftari, na wameniambia hawawezi kuvunjwa mpaka kazi iishe. Ukali unaoomba niongeze umeshajiongeza wenyewe.

Kamati inauliza hivi. Yule mtu wa kondoo, mwenye kondoo aliombwa msamaha? Kondoo alipatikana? Kama hakupatikana, nani wa familia hiyo yuko hai, na kijana yuko tayari kumwandikia? Mzee mmoja anasema wizi wa kondoo ni afadhali kuliko wa ng'ombe, na hilo limeandikwa. Yule binti yatima walimpenda. Mtu anayepanda meli peke yake na sanduku moja, walisema, hawezi kuzaa watoto wavivu.

Picha ya sketi waliiona. Ilizunguka mkono kwa mkono. Mwishowe Clifford akasema magoti ni mazuri.

Swali lako juu ya Guka limefika. Ndama anaendelea vizuri.

Waceke


Toongabbie
18 Mei 2025

Dada Waceke,

Nilitaka kuanza na salamu kama mtu mwenye adabu lakini siwezi, nisamehe. Ni wazima wote. Mgongo ni mzima. Anayeumia ni moyo.

Bi. Orr alituita Alhamisi. Lachlan akaenda na ile sketi, na soksi zake, na kisu kidogo cha plastiki kwa soksi. Mama wa watu alikuwa amevua glavu, nikajua kuna msiba. Akatueleza kwamba Sandgate si ukoo. Ni mtaa. Kwa mji mdogo huko Skotilandi, mwaka 1839, mwokaji mikate alifungua duka asubuhi akakuta mtoto kwa kikapu cha mikate. Hakuna barua, hakuna jina, hakuna aliyerudi. Wakamwita jina la mtaa. Huyo ndiye wa kwanza wao. Nyuma yake hakuna mtu. Na ile sketi, akamwambia, hiyo mistari ni ya watu wengine, hawahusiani na wewe.

Dada, ilibidi kijana apande treni kutoka Parramatta mpaka Toongabbie amevaa nguo ya watu wengine. Alikaa akishika magoti yake. Watoto wa shule walikuwa wanamcheka. Tulipofika akaingia jikoni, akafungua lile bomba ambalo halina shida, akalifunga, akalifungua. Kisha akaniambia, "Mwambie shangazi nimefika vizazi sita. Cha saba ni kikapu."

Sikuweza kula.

Basi wacha nikuandikie ile sababu. Mama yake Jacky alipokufa nilimwacha kwako akiwa na miaka minne, nikasema nakuja. Nikamleta huku akiwa na kumi na tano. Miezi sita ya kwanza alikuwa ananiita "wewe". Siku ya kwanza kuniita Dadi ni nilipoungua mkono na sufuria ya mukimo, akapiga kelele, "Dadi, maji!" Nimekuwa baba yake miaka kumi na mbili tu, na mingi kati ya hiyo nilikuwa shifti. Sasa anaenda Perth. Sikumchukia kijana hata siku moja. Nilitaka achelewe tu. Nilitaka mtu mwingine amcheleweshe, na mtu huyo nikakufanya wewe.

Nakuomba uandike kwamba wazee wameridhika. Na baba ya Guka ni nani? Bi. Orr anauliza kila wiki, na wewe unanijibu habari za ndama.

Mimi pia kuna kitu nimepanga kufanya ili nimrudishie kijana heshima yake. Sitakwambia ni nini mpaka kiishe.

Ndugu yako anayejuta,
Kamande


Njoro
4 Juni 2025

Ndugu yangu,

Tumeamka salama na kuna baridi. Kamati nimeituma nyumbani leo, nimesema naumwa, nipate kuandika peke yangu.

Baba ya Guka hajulikani. Baba aliniambia mwaka wa 1986 akanikataza kusema, na mimi nimekaa nalo mpaka leo. Wakati wa ile njaa kubwa iliyokuja baada ya vita vya kwanza, kulikuwa na mtu anaitwa Njuguna, alikuwa anapanga kuni za treni stesheni ya Kijabe. Siku moja akakuta mtoto wa miaka kama sita nyuma ya kuni, anakula maganda ya viazi. Alipoongea, hakuna aliyejua ni lugha gani. Si Kikuyu, si Kimaasai, si kitu. Mke wa Njuguna akampa uji. Akampa na kesho yake. Baadaye Njuguna akachinja mbuzi, akamfunga kipande cha ngozi mkononi mbele ya watu, akasema huyu ni wa kwangu, na akampa jina la baba yake mwenyewe, Kamande. Ndiyo maana baba yetu aliitwa Njuguna. Hilo jina ni la mtu wa kuni. Zile kurasa mbili zako mpaka Adamu zinaishia stesheni.

Kwa nini mwaka wa 1986. Kulikuwa na watu walikuja kutoka Limuru kuniuliza, yaani kuniposa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na nne, ulipewa kazi ya kufukuza kuku. Walipofika kwa baba ya Guka, Baba akanyamaza. Wakanywa chai, wakashukuru, hawakurudi. Ulinituma kumfanyia kijana wa watu kile nilichofanyiwa, na hukujua. Nilikubali kwa sababu nilitaka kuona kama kuna mtu duniani anayeweza kujibu lile swali. Sasa nimeona. Hakuna. Kila mtu ana kikapu chake huko nyuma.

Kwa hivyo nimeridhika. Kamati nitaishughulikia.

Lakini unasema umepanga kufanya kitu, na mimi nakujua, ukijuta huwa unafikiria nyama. Nisikilize. Chochote utakachofanya, usimchinjie mbuzi. Mpe koti, mpe saa, mpe gari lako. Mbuzi usithubutu. Aliyechinjiwa mbuzi na kuambiwa yeye ni wetu ni wetu kweli, kama Guka, na wa ukoo mmoja hawaoani. Clifford na kamati yake hawatasamehe hilo, na safari hii watakuwa na haki.

Dada yako,
Waceke


Toongabbie
10 Juni 2025

Dada Waceke,

Amani iwe kwako na kwa Margaret. Barua yako ya mwezi huu bado sijaipata, posta itakuwa imelala, lakini siwezi kungoja kukwambia. Nimefanya. Nina amani ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nishuke kwa ndege.

Nimechinja mbuzi.

Ilikuwa Jumapili, wikendi ile ndefu ya sikukuu ya mfalme. Wilkister alinisaidia kumpata kutoka shamba moja nje ya Campbelltown, mzima, na kichwa na miguu, maana mbuzi wa supamaketi hana kichwa na huwezi kumwomba mtu msamaha na mbuzi hana kichwa. Watu kumi na nne walikuja. Bi. Orr pia alikuja, na keki.

Kabla ya kula nikasimama. Nikasema yote, Dada. Nikasema ile barua ya vizazi saba niliomba mimi, shangazi hakuwa na kosa, nilimtuma kijana wa watu kutafuta wafu ili nimchoshe. Wilkister akasema, "Woi, Kamande," halafu akanyamaza, na Wilkister hanyamazi. Jacky akaweka sahani chini, akatoka. Akaosha gari lake. Akamaliza, akaosha langu. Akamaliza, akaosha la Wilkister. Wageni walikuwa wanamwangalia kwa dirisha, hakuna aliyethubutu kugusa nyama.

Aliporudi akaniambia kwa Kiswahili, ambacho siku hizi anatumia akikasirika tu, "Dadi, ungeniambia nisiende. Ungesema tu. Ningekataa, lakini ungesema."

Lachlan naye akauliza kama Bi. Orr alikuwa anajua. Bi. Orr akasema hapana, yeye hufanya kazi na waliokufa, walio hai wanamshinda. Basi kijana akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini, na sisi wote tukapata ruhusa ya kupumua.

Hapo ndipo nikafanya lile nililopanga. Nilikata kipande cha ngozi, nikamfunga mkononi kama nilivyowahi kuona Baba akifanya. Nikamlisha figo kwa mkono wangu. Nikasema mbele ya wote, "Hukupata ukoo Skotilandi. Kuanzia leo ukoo wako ni huu. Wewe ni mtoto wangu, mtoto wa Njuguna." Wilkister akapiga vigelegele. Bi. Orr akatoa kitabu, akaandika tarehe, saa na majina ya mashahidi. Anasema kwa miaka thelathini ya kazi hii ni mara ya kwanza kuona mtu akizaliwa.

Nimelipa deni la moyo. Najua utafurahi.

Kamande


Njoro
8 Julai 2025

Kamande,

Salamu utazipata siku nyingine.

Natumai barua yangu ya tarehe nne Juni sasa umeisoma, na umekaa chini ukiisoma. Umefanya kitu kimoja nilichokukataza, na umefanya vizuri sana, na mashahidi, na saa imeandikwa. Jacky ana kaka mpya mwenye miaka ishirini na tisa. Hongera.

Kamati ilikaa Jumamosi. Nilipowasomea habari ya figo, Clifford alicheka mpaka akatolewa nje na mke wake mpya. Alirudi akiwa mkali. Mbuzi hawezi kurudishwa. Wazee wawili walisema basi, hakuna harusi. Nikawapa chai ya pili. Nikawapa ya tatu. Nikawaambia habari ya Guka na zile kuni, yote, mbele yao, miaka thelathini na tisa baadaye. Kisha yule mzee wa kondoo akasema baba ya mama yake naye alitokea tu, hakuna anayejua wapi. Mwingine akasema hata wao. Ikawa jioni ya kutajiana vikapu, na maandazi yakaisha.

Uamuzi ni huu. Kilichofungwa na chakula kifunguliwe na chakula. Kijana atoke kwako. Aende nyumba nyingine, ya watu wasio wa damu yetu wala kabila letu, ale huko mwezi mzima, na wao wamwite wa kwao. Mwezi huo asionje kwako hata chumvi. Halafu watu wa nyumba hiyo waje na yeye kwako kuuliza, kama wageni, na wewe ujifanye humjui. Nimependekeza huyo Wilkister.

Na neno moja la kwangu mwenyewe. Watakapofika watakuuliza binti ni wa nani. Guka alikuwa wa aliyempa uji. Jacky alikunywa uji wangu miaka kumi na moja. Sikudai kitu. Nataka tu ukumbuke hapo utakapofungua mdomo.

Waceke


Toongabbie
31 Agosti 2025

Dada Waceke,

Habari za siku nyingi, habari za Margaret, habari za sikio. Sisi huku tumechoka lakini kwa wema. Nakuandikia Jumapili, nyumba inanuka samaki kwa sababu ya watu nitakaokueleza.

Lachlan alihamia mezani kwa Wilkister tarehe ishirini na saba Julai. Kila jioni akitoka kazini anaendesha mpaka Minto kula ugali na samaki. Wiki ya kwanza alipewa mkia. Wiki ya pili tumbo. Wiki ya nne Wilkister akamchinjia kuku na kumpa kichwa cha samaki, na akampigia simu mama yake Lachlan huko Dubbo kumuuliza mtoto alizaliwa saa ngapi. Mama akasema alfajiri. Basi akaitwa Omondi, jina la Kijaluo la aliyezaliwa alfajiri. Mama mtu akauliza kama kuna shida yoyote, Wilkister akamwambia hakuna, tumekuwa mama wawili tu.

Mimi Jumapili zote hizo nilikaa na kiti cha Lachlan kitupu. Nilipika vilevile kama zamani, halafu nabeba chakula cha mtu mmoja kazini Jumatatu.

Jana wakaja. Magari matatu kutoka Minto, wakasimama barabarani wakiimba, jirani akazima mashine ya nyasi. Mbele alikuwa Wilkister, nyuma mama wa Dubbo na kofia ya harusi, na msemaji wao, Dada, alikuwa Bi. Orr, kwa sababu walisema yeye ndiye anajua watu wa kijana. Alikuwa amevaa zile glavu. Nikafungua mlango kidogo, nikauliza ni nani na wametoka wapi. Akasoma kwa karatasi, "Tumetoka Minto, tukapitia Kisumu, Ayalandi, Skotilandi, na kikapu." Nikamwonyesha Lachlan kwa kidole, nikauliza, na huyu ni nani, simjui. Alikuwa anaangalia chini. Lilikuwa gumu kusema. Nilimlisha figo huyo.

Walipokaa, Bi. Orr akauliza binti ni wa nani. Jacky alikuwa mlangoni jikoni. Nikasema, "Ni wa Waceke wa Njoro. Mimi nilitunziwa. Kama mnataka jibu, ni lake." Wageni wakatazamana, maana walikuja na chakula cha kusherehekea jibu. Jacky akaja, akakaa kando yangu, akaniwekea mkono mgongoni pale panaponiuma.

Kwa hivyo jibu ni lako. Ombi lao nimelikunja humu, limeandikwa na Bi. Orr kwa mwandiko mzuri, ukoo wa kijana umechorwa kama mti, na pale juu kabisa ameweka kikapu. Wetu pia ameuchora, ukurasa wa pili. Pale juu ameweka kuni. Kuna na barua ya mwaliko ya kuombea viza, Jacky aliiandika mwenyewe. Anasema usipokuja, Novemba hakuna kitu. Perth bado wanaenda. Nimesema neno langu safari hii, nimesema nitasikitika. Amesema anajua. Wamenikatia tiketi ya Krismasi.

Kitu kimoja cha mwisho, na naomba hii karatasi uichome kweli. Jana magari yalipokuwa yanawashwa, mtu akagonga mlango wa nyuma. Alikuwa Lachlan. Akaniuliza chini chini kama kuna mbuzi aliyebaki. Alikuwepo, kidogo, nilikuwa nimeweka wa kuandalia wageni. Nilijua sheria, kwamba chakula changu kitamfunga tena kwetu, nikakumbuka Clifford na kamati. Nikampa. Alikula amesimama, mgongo kwa friji, bila sahani, na nikamwongezea.

Sasa sijui tena huyu mtoto ni wa nani. Usiambie kamati.

Ndugu yako,
Kamande wa stesheni